Uzito wa Usumani

Kaka yangu Usumani alikuwa mnene, na sisi kwetu Biryogo, mtaa wa Kigali, tulijivunia unene wake. Mwaka 1992 lori la jeshi alilokuwa akiendesha lilikanyaga bomu kwenye milima ya Byumba. Mguu ulivunjika vibaya, na barabara ya kumrudisha Kigali ilikuwa imefungwa na vita. Ikabaki helikopta.

Mume wangu, Nsengiyumva, alikuwa fundi wa helikopta katika kambi ya ndege, karibu na nyumba yetu ya Kabeza. Mwenye shemeji kambini atakosaje nafasi? Usiku huo nililala usingizi wa pono.

"Asubuhi haiwezekani, Mama Zubeda," aliniambia alfajiri akivaa viatu. "Ukungu iko imejaa kwa mabonde. Rubani haoni mulima mpaka aigonge."

"Basi jua likitoka mwende."

"Jua ikitoka, hewa ya kule juu iko nyepesi sana. Helikopta inabeba watu kidogo tu."

Nilimcheka. Milima hii nimeipanda na mimba tumboni na ndoo kichwani, na hewa haijawahi kunipungukia.

Waliondoka saa sita. Alasiri nikasikia mlio, nikakimbilia kwenye uzio wa kambi. Wakashushwa majeruhi wanne. Nilimtazama kila mmoja usoni. Usumani hakuwamo.

Jioni Nsengiyumva alikuja akakaa bila kunawa. Nikamwambia aseme tu.

"Tulimupakia," alisema. "Ikakataa kuinuka. Rubani akajaribu tena, ikakataa. Akasema mutu moja ashuke, ule muzito."

"Mkamshusha mgonjwa?"

"Alishika mulango. Nikamubandua vidole."

"Wewe?"

"Mimi."

Nilimtazama mabega. Naye si mwembamba. Nikamuuliza kwa nini hakushuka yeye, mzima, mwenye miguu yake miwili.

"Niliomba. Rubani akasema fundi haachwi kwa mulima, ni amri. Kesho tunarudi."

Kesho yake ukungu haukuondoka kule, wala keshokutwa. Hapa Kabeza jua lilikuwa kali, helikopta inang'aa uwanjani, nami nimeshika uzio kwa hasira isiyo na pa kwenda. Ukungu ulipoondoka, kile kilima alikoachwa hakikuwa tena mikononi mwa jeshi, na redio ya kambi ilipoita hakuna aliyejibu.

Mama alikuja kutoka Biryogo. Hakulia. Aliketi karibu na mkwewe, akamuuliza taratibu, "Mwanangu alisema nini mlipoachana?"

Nsengiyumva aliniangalia mimi kwanza.

"Alisema nikusalimie, mama. Alishuka mwenyewe, akapisha wenzake."

Mama akamshika mikono yote miwili, ileile, akaibusu na kumwombea dua ndefu. Mimi nilisimama mlangoni na ukweli nisio na wa kumpa. Nikaitikia amina, nikaenda kuwapakulia wali.