Suti ya Mikungu

Mtaa mzima ulimwita Bwana Utepe, kwa kuwa utepe wa kupimia ulikuwa ukining'inia shingoni mwake hata anapokunywa chai. Alikuwa fundi cherehani kwa mwaka wa arobaini na moja, na ukutani, juu ya cherehani yake, aliandika kwa chaki sheria tatu ambazo kila mwanzo wa mwaka alizikoleza upya. Mteja hadanganywi tarehe. Mshono haukimbizwi. Kitambaa kipya hakiguswi na maji kabla hakijavaliwa. Hiyo ya tatu aliirithi kwa fundi aliyemfunza kazi, ambaye aliamini kwamba kitambaa kikishaloweshwa hupoteza heshima yake, na kwamba fundi anayekubali jambo hilo hana heshima ya kupoteza.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyejaliwa kitindamimba anayefuma nguo kwa taka za sokoni.

Ilianza na mkungu mmoja. Binti aliuokota kwa wauza ndizi, ambao wakishauza ndizi zao huutupa mkungu mtupu jalalani. Akauleta nyumbani, akauponda, akaukwangua kwa mgongo wa kisu mpaka zikabaki nyuzi ndefu nyeupe kama mvi za bibi. Wiki iliyofuata iliingia mikungu ishirini. Kisha akaingia seremala na mtambo wa kufumia, na Bwana Utepe akagundua kwamba stoo yake ya vitambaa si yake tena. Rangi ya kahawia ilitoka kwenye maganda ya vitunguu yaliyochemshwa, na ili nyuzi zisikatike mtamboni, binti alizipaka uji mzito wa makombo ya wali aliyoyachukua mikahawani. Nyumba ilinuka kama jiko la harusi iliyovunjika.

"Huyu mwanao ananifugia nzi," Bwana Utepe alimlalamikia mkewe.

"Akishika namba ya kwanza ni wako, akileta nzi ni wangu," mkewe alijibu, huku akimenya vitunguu ambavyo hakuvihitaji, ili maganda yatoshe.

Hatimaye yakawapo mapatano. Mwalimu mkuu wa shule ya bweni iliyokuwa kilimani alitafuta mtu wa kumtengenezea makoti arobaini ya kwaya, naye alikubali kuiona sampuli.

"Akikubali, stoo ni yako," baba alisema. "Akikataa, mtambo unarudi kwa seremala, na wewe unarudi kwenye ile kazi ya ofisini uliyoiacha."

"Sawa, baba. Lakini suti ya sampuli ushone wewe."

Bwana Utepe alitaka kukataa. Hata hivyo, wazo la kitambaa kutoka nyumbani mwake kikikatwa kwa mkasi wa mtu mwingine lilimchoma rohoni. Akakipima, akakikata, akakishona kwa vipimo vya mwili wake mwenyewe, maana hakuliamini bega jingine lolote kuitendea haki kola ile.

Binti alipoiona suti imekamilika, alishika mdomo. "Baba, ulikifua kitambaa kwanza?"

"Nimekipiga pasi."

"Kina ule uji wa nyuzi. Lazima kifuliwe utoke ndipo kikatwe. Nilikuambia."

"Uliniambia. Na mimi nikakuonyesha ukuta."

Suti ilikuwa imekakamaa kiasi kwamba suruali ilisimama peke yake kando ya kabati, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Bwana Utepe aliitazama kwa fahari. "Hiyo ndiyo nguo. Inajua kusimama."

"Ikianza kutembea, uiage," mkewe alisema.

Siku ya miadi baba na binti walifika shuleni mapema. Mwalimu mkuu alikuwa darasani, na umeme ulikuwa umekatika. Wakaketishwa ofisini mwake kwenye viti vya mbao, kila kimoja kikiwa kimeandikwa kwenye egemeo, kwa rangi nyeupe iliyoanza kubanduka: MALI YA SHULE. Walingoja saa nzima katika joto lililojaa chumbani kama mvuke wa sufuria. Binti alijipepea kwa bahasha. Bwana Utepe hakufungua hata kifungo kimoja. Aliegemea kiti na kujikaza kisabuni. Jasho lilimtiririka mgongoni na mapajani, na polepole akahisi suti ikilainika, kisha ikiteleza, kisha ikitoa harufu ya wali.

"Baba," binti alinong'ona, "unanukia chakula cha mchana."

"Nyamaza."

Ndipo umeme uliporudi. Pangaboi likaanza kuzunguka juu yao, na upepo mwanana ukamkausha fundi tangu kisogoni hadi visiginoni. Alifumba macho kwa raha. Hakukumbuka kwamba uji wa wanga ukilowa kisha ukikauka, huwa ni gundi.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mwalimu mkuu, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyokaa nchani mwa pua. Bwana Utepe alilelewa kumsimamia mwalimu aingiapo. Akasimama. Kiti nacho kikasimama.

Binti alizunguka nyuma, akaishika miguu ya kiti, akavuta. Kiti kilibanduka kwa sauti ndefu ya kitambaa kinachopasuka, ijapokuwa hakuna kilichopasuka isipokuwa staha ya fundi.

"Mzee, hebu geuka," mwalimu mkuu alisema.

Akageuka.

"Unaondoka na mali ya shule. Imeandikwa mgongoni, tena kinyumenyume." Alivua miwani, akaifuta. "Binti yangu, wazo lako ni zuri. Lakini kwaya yangu huimba juani. Siwezi kuwabandua wanafunzi arobaini vitini." Akaanza kulifunga jalada la makoti lililokuwa wazi mezani.

Bwana Utepe alijua kwamba alichohitaji ni kukaa kimya tu. Stoo ingerudi, nzi wangehama, na sheria ya ukutani isingeguswa na mtu. Akamtazama binti yake. Alikuwa ameinamisha macho, na midomo ameibana. Maneno mawili tu yangetosha kumtupia baba yake lawama, naye hakuyasema. Ukimya ule ulimbana fundi kuliko suti.

"Mwalimu, usilifunge jalada," alisema. "Kitambaa hakina kosa. Kosa ni la fundi, na fundi ni mimi. Aliniambia nikifue kwanza, nikakataa kwa kiburi. Naomba beseni la maji na sabuni."

Mwalimu mkuu akaagiza beseni.

Bwana Utepe akavua koti, akakunja mikono ya shati, akalifua, kazi yake ya mwezi mzima, mbele ya macho yao. Maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele, na vipande vya MALI YA SHULE vikaelea juu. Alilikamua, akalitundika chini ya pangaboi. Lilipokauka, mwalimu mkuu alilifinya mkononi, akaliachia, akaliweka shavuni kama mtu aliyesahau kwamba anatazamwa.

"Laini hivi," alisema. "Na suruali?"

"Suruali, Mwalimu, naomba uniamini."

Kisha, bila kuulizwa, akaunyosha utepe kwenye mkono wa koti. "Umerudi, umefupika vidole viwili. Ndiyo maana kitambaa hufuliwa kabla ya kukatwa. Hilo nalo aliniambia."

Mwalimu mkuu aliagiza makoti arobaini, kwa sharti lililoandikwa kwa wino mwekundu kwamba kila jora lifuliwe kwanza, na fundi atie sahihi. Fundi akatia.

Njiani binti alijaribu kumshukuru, naye akamkatiza. "Kesho lete kitambaa chote. Na beseni kubwa. Lile la mama yako ni dogo."

Jioni ile mkewe alimkuta amesimama juu ya kigoda mbele ya ukuta, kitambaa chenye maji mkononi, sheria ya tatu ikiwa imefutika nusu.

"Unafanya nini huko juu?"

"Nafua," alijibu.