Mduara wa Domingas

Jumamosi ya tarehe 24 Juni 2006, sikukuu ya Mtakatifu Yohana, walileta vyuma. Vile vizuizi vya kukokota wanavyozuilia watu penye msafara wa wakubwa. Wakavipanga mbele ya jukwaa, pale bandarini São Luís. Wanawake wetu wa ngoma wakabaki chini na sketi zao za maua, na juu akapandishwa mmoja tu: mke wangu, Domingas.

"Kamera haiwezi kuchukua umati," alisema bosi wa tamasha, kijana mwenye kitambulisho kifuani na miwani utosini. "Huyu mama ana sura. Anatosha."

"Mheshimiwa, mmoja hatoshi," nikamwambia. "Akichoka atampa nani?"

"Akichoka si atakaa chini, mzee?"

Mundica, shoga wa mke wangu tangu utotoni, alikuwa amekamata chuma kwa mikono miwili. Akacheka kicheko kikavu. "Msikieni huyo! Mtoto wa maziwa ya kopo!"

Kwetu, mwanamke akishaingia mduarani hatoki kwa kuchoka. Huzunguka mbele ya ngoma mpaka amchague mwenzake, amsogelee, wagongane kitovu kwa kitovu. Hiyo ndiyo punga. Aliyegongwa anaingia, aliyegonga anatoka. Kutoka bila kutoa punga ni kama kuondoka msibani maiti ikiwa bado ndani. Na mpiga ngoma kubwa hanyamazi mwanamke akiwa katikati. Mimi sikufundishwa kitu kingi duniani, lakini hicho nilifundishwa.

Sikusoma. Nilikuwa mpagazi sokoni, mgongo wangu ndio ulikuwa cheti changu. Domingas nilimpata katika ukumbi wa rege mtaani kwetu Liberdade, mbele ya ukuta wa maspika uliokuwa ukitikisa mabati ya paa. Nasikia kwingine watu hucheza rege kila mtu peke yake, kama anayefukuza nzi. Sisi tunaicheza tumeshikana, shavu kwa shavu. Kiingereza hakuna aliyekijua. Wimbo ukikuingia mwilini tuliuita jiwe, basi. Siku hiyo jiwe moja lilipigwa, Domingas akaweka sikio lake kifuani kwangu kama anayesikiliza mlangoni.

"Isikilize hiyo besi," akasema. "Inatembea kama ngoma yako kubwa. Hawa ni ndugu, Clodomir. Walipotezana melini, mababu walipoletwa utumwani."

Ni yeye aliyewakutanisha. Miaka ikapita, akamshika mkono Evandro, mpiga besi wa bendi ya rege, akamkalisha katikati ya ngoma zetu tatu za Mtakatifu Benedito. Wazee walinung'unika kwamba mtakatifu atakasirika. Mtakatifu hakukasirika. Watu walikuja wakajaza uchochoro, wengine wakacheza wakilia wasijue wanalilia nini. Ndipo wakubwa wakasikia. Kitu kikipendwa na watu, wakubwa hawakawii kukijia na vyuma.

Siku ile ya bandarini hata moto walitukatalia. Ngozi za ngoma zetu hukazwa kwa moto, tukalazimika kuuwasha mbali, kando ya maji, tukazibeba ngoma mabegani zikiwa bado na joto.

Domingas akaingia. Moyo wake haukuwa mzima. Daktari alimwambia acheze kidogo kidogo, na katika mduara wenye wenzake hilo halikuwa tabu. Kidogo anacheza, kidogo anatoa punga, kidogo anakaa anapiga makofi. Siku ile hapakuwa na wenzake. Besi ya Evandro ikatembea, ngoma zikaifuata, na mke wangu akazunguka. Nilimwona akisogea ukingoni, tumbo mbele, akitafuta wa kumpa. Mundica akanyoosha mikono.

"Fungua, we! Huoni anatafuta mtu?"

"Ruhusa ya nani?" akauliza mlinzi.

Mlinzi akamtazama bosi. Bosi akainua kidole gumba: endeleeni.

"Mjomba, tuache kupiga!" Evandro akanipigia kelele.

Nikamtazama Domingas. Alikuwa amelowa, midomo imempauka. Akatikisa kichwa.

"Piga, mzee wangu. Usiniaibishe."

Nikapiga.

Ngoma kubwa hufungwa kiunoni kwa kamba, ikapita katikati ya miguu. Alinijia akizunguka, sketi imejaa upepo, akaleta tumbo mbele kama wanavyoisalimia ngoma. Lakini hakurudi nyuma. Alianguka juu yake, na ngozi ikatoa mlio mmoja ambao sijawahi kuusikia tangu nianze kupiga. Kamba ikakataa kufunguka. Nikamkumbatia hivyo hivyo, yeye na ngoma. Kule chini watu wa mbali wakashangilia. Walidhani ndio mchezo wenyewe.

Wakubwa walituma msibani shada la maua lenye utepe wa ofisi ya tamasha. Nani alifunga vyuma? Ofisi ikasema polisi. Polisi wakasema walinzi. Walinzi wakasema wao hufunga wanapoambiwa. Nimechoka kuuliza.

Agosti, siku ya Mtakatifu Benedito, tuliwasha moto uchochoroni kwetu. Evandro akapiga besi, ngoma ndogo zikaitikia, na wanawake wakasimama pembeni na sketi zao. Hakuna aliyeingia. Mduara ulikuwa bado una mtu. Moto ukafa, tukarudi majumbani. Na mwaka uliofuata hivyo hivyo. Sasa hata kuni hatukusanyi.

Ngoma kubwa iko chumbani kwangu, imefunikwa sketi ya Domingas. Watu wa ofisi walikuja wakitaka kuiweka kwenye kabati la kioo. Niliwatoa kwa ufagio.

Juzi alikuja Mundica na bakuli la wali na kamba wakavu. Amezeeka, alikaa kitako kwa awamu, kama mtu anayeteremka ngazi.

"Clodomir, miguu inakwisha hii. Nataka nicheze kabla sijafa."

"Kacheze. Nani kakuzuia?"

"Usinifanye mtoto. Unamjua aliyemo mduarani."

Akaifunua ngoma mwenyewe, akaweka kiganja kwenye ngozi. Ilikuwa imelegea, baridi.

"Tumbo lake lilifika hapa?"

"Lilifika."

"Na ikalia?"

"Ililia, Mundica. Unataka nini?"

"Basi hakuondoka nayo, punga yake. Aliitoa."

Nilitoka uani, nikachukua shoka, nikaanza kupasua kuni ambazo hakuna aliyeniagiza. Mundica akaja akasimama mlangoni, ameikumbatia ile sketi.

"Haya," akasema, "yeye aliipa ngoma. Na ngoma itampa nani?"