Kisanduku cha Msimu Mbaya

Kipchirchir, fundi wetu wa uwanjani, alipiga kigingi kwa nyundo mara ya tatu, na kigingi kikaruka kama kilichotemwa.

"Injinia wa laptop," akaniambia, "njoo uibembeleze hii ardhi. Mimi imenikataa."

Kilikuwa kigingi cha muda tu, cha kushika utepe wa njano mbele ya lango la kituo kipya cha kupozea umeme pale Agincourt, mashariki ya Toronto. Kituo kilikuwa kiwashwe kesho yake, Alhamisi, saa nne asubuhi. Mimi nilitumwa kupiga picha za mwisho za faili: transfoma, swichi, uzio, mabango ya hatari. Picha kumi na mbili, kisha nirudi ofisini Downsview.

"Piga kwa nguvu basi. Ama ugali umeisha kwenu?"

"Ugali upo, Jeptoo. Udongo ndio haupo. Juzi nimetoboa shimo la nguzo hapo nyuma kwa mashine. Barafu mita nzima! Mita nzima ndiyo nikaona udongo unaofanana na udongo."

Alicheka, mvuke ukimtoka kinywani. Mimi nilitazama kigingi kile.

"Wavu tumeuzika kina gani?" nikauliza.

"Nusu mita. Si ni wewe uliandika?"

Ni mimi niliandika.

Chini ya kila kituo cha umeme huzikwa wavu wa nyaya za shaba. Siku hitilafu ikitokea, umeme uliopotea njia hukimbilia kwenye wavu huo na udongo huumeza. Udongo wenye unyevu humeza haraka. Udongo ukigoma, umeme hubaki juu, kwenye vyuma, na uzio nao ni chuma. Hubaki nusu sekunde tu, mpaka swichi ikate. Kwa mtu aliyeshika uzio, nusu sekunde inatosha.

Hesabu ya kujua kama uzio utakuwa salama hufanywa na kikokotoo changu. Ni jedwali la Excel lenye kurasa tisa. Unaingiza vipimo vya udongo, ukubwa wa wavu na nguvu ya hitilafu, nacho kinakupa volti na rangi, kijani au nyekundu. Nyuma yake kuna kiolezo cha ubora chenye maswali arobaini. Kila swali lina kisanduku: aliyefanya hesabu anatia tiki, na mkaguzi anatia yake pembeni. Nilianza kukiunda nikiwa Eldoret, diploma yangu ikiwa bado inanukia wino, na nilikileta Toronto kama wengine wanavyoleta mwiko wa nyumbani.

Swali la saba ndilo lililonisimamisha pale langoni. Je, vipimo vya udongo vimechukuliwa katika msimu mbaya? Ukitia tiki, kikokotoo kinaziamini namba zako kama zilivyo. Ukiacha, kinazizidisha kwa tahadhari. Kwetu msimu mbaya unajulikana. Ni kiangazi, udongo umekauka na kupasuka, na mita inayopima jinsi udongo unavyoukataa umeme inapanda. Udongo wa Agincourt niliupima mimi mwenyewe mwezi wa Agosti, baada ya wiki tano bila mvua, nyasi zimekuwa rangi ya mkeka. Nilitia tiki bila kusita.

Sasa ilikuwa Februari, na udongo ulioganda huukataa umeme kuliko udongo uliokauka.

"Kipchirchir, leta drili. Nitobolee mashimo manne, mstari mmoja."

"Ya nini tena? Picha zimeisha?"

"Toboa tu, ndugu yangu."

Mita ya udongo huwa haitoki kwenye buti la gari langu. Tulisimamisha vigingi vinne kwenye matundu yale, tukamwagia maji ya chumvi kidogo ili vishike, nikaunganisha nyaya kwa vidole visivyosikia kitu. Agosti mita ilisema tisini. Safari hii ilipanda, ikatulia kwenye elfu moja na mia sita.

Kipchirchir alichungulia juu ya bega langu. "Hiyo ni nzuri ama mbaya?"

"Mbaya."

"Mbaya ya kuandika barua, ama mbaya ya kukimbia?"

Niliingia garini, nikafungua kompyuta juu ya usukani, nikaingiza namba mpya. Ukurasa ukawa mwekundu. Uzio unaruhusiwa volti mia sita na kumi. Kikokotoo, safari hii kikisema kweli, kilitoa elfu moja mia mbili na arobaini.

Ng'ambo ya uzio kuna kituo cha basi. Manispaa wanamwaga chumvi njiani, kwa hiyo juu theluji imegeuka uji, na chini barafu ni jiwe. Mama mmoja alikuwa amesimama kwenye uji huo na kigari cha mtoto. Alivua glavu, akamfuta mtoto pua, kisha akashika uzio kwa mkono mtupu ili asiteleze. Kituo kilikuwa bado hakijawashwa, na uzio haukuwa na umeme wowote. Hata hivyo nilipiga honi. Aligeuka, akanitazama kwa hasira, akaendelea kuushika.

Barabara kuu ilikuwa na msongamano, nami nilibadilisha njia kila nafasi ilipojitokeza, bila faida. Nilizima redio, nikaiwasha, nikaizima. Kikokotoo kile kilikuwa kimepitisha vituo vingine kumi na kimoja kabla ya Agincourt. Vyote vimewashwa. Kila kimoja nilikikumbuka kwa jina, na kila kimoja tulikipima kati ya Julai na Septemba, kwa sababu mimi ndiye niliyeandika kwenye mwongozo kwamba huo ndio wakati sahihi.

Derek, meneja wetu wa mradi, nilimkuta amesimama kwenye mashine ya kahawa. Derek alizaliwa Scarborough na wazazi Wakenya. Kiswahili anakisikia chote, ila hujibu kwa Kiingereza, kana kwamba kati yenu kuna mkalimani.

"Agincourt isiwashwe kesho," nikamwambia.

"Hesabu ilikuwa kijani."

"Kijani changu hicho. Nakwambia ni cha uongo."

Nilimweleza yote, nikizunguka meza. Alisikiliza vizuri, lazima niseme. Kisha akaweka kikombe chini.

"Barafu itayeyuka Aprili," alisema. "Uwezekano wa hitilafu kubwa katika wiki nane ni mdogo sana. Transfoma ya zamani pale imezidiwa, kila nyumba imewasha hita. Ukizuia kesho, mitaa itakatiwa umeme kwa zamu kwenye baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri. Kuna wazee mle. Umewafikiria?"

"Njia nzima nikija nimewafikiria."

"Basi fikiria na hili. Mwezi ujao kikokotoo kinakwenda kwenye ofisi zetu zote sita, na wewe ndiye kiongozi wake. Rekebisha kile kisanduku cha swali la saba kimyakimya, ukiite kikokotoo toleo jipya. Agincourt tutaongeza fimbo za shaba majira ya kuchipua. Hakuna atakayeumia."

Nilitamani. Sitajifanya mtakatifu. Kwa muda wa kunywa funda moja la maji nililiona toleo jipya, safi, lina jina langu juu, na hakuna aliyejua kitu.

"Na anayeweza kuzuia," Derek akaongeza, si kwa ubaya, "ni mwenye muhuri. Wewe huna."

Hilo ni kweli. Mwenye diploma hupiga hesabu. Mhandisi mwenye leseni hupiga muhuri. Muhuri wa kazi zangu zote ni wa Mzee Vernon.

Vernon ni Mgoa wa Nairobi, Mhindi wa asili ya Goa, mwenye miaka sitini na minane. Alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi huo. Tangu niajiriwe, kila kikokotoo nilichokijaza alikikagua yeye, na kwa sababu moja tu: tunaelewana. Ijumaa alasiri ananiita chumbani kwake, tunamimina chai ya maziwa kutoka thermos yake, ninasoma maswali ya kiolezo kwa Kiswahili, naye anatia tiki huku akinisimulia mtaa wa Pangani wa utoto wake. Maswali arobaini huisha kabla chai haijapoa. Ofisi nzima ilitusifu kwa wepesi wetu.

"Kuja, mtoto, kaa," akasema aliponiona mlangoni.

"Siwezi kukaa, Mzee."

Niliweka kompyuta mbele yake, swali la saba upande mmoja, elfu moja na mia sita upande wa pili. Alisoma. Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akasoma tena.

"Hii tiki ya pili ni yangu," akasema.

"Ndiyo."

"Miaka arobaini na moja ya baridi, Jeptoo. Arobaini na moja nimezoa theluji ya hii mji mpaka mgongo ikaisha. Halafu wewe unasoma 'msimu mbaya', mimi naona Agosti, kichwa inasema ndiyo, kiangazi, sawasawa." Alijigonga paji la uso kwa kidole. "Hii kichwa hata haijawahi kupanda ndege!"

"Mtu aliyezaliwa Winnipeg, kwenye baridi yenyewe, angeuliza."

"Mtoto wa shule wa Winnipeg angeuliza. Ndiyo maana mkaguzi asitoke jikoni kwako." Alivaa miwani. "Wengine ngapi?"

"Vituo kumi na kimoja."

Aliandika namba hiyo kwenye karatasi, akaizungushia duara. Nje ya dirisha lori la ghala la jirani lilikuwa likirudi nyuma, likipiga mlio wake, nami nilitamani mtu alizime.

Derek alikuwa ameshafika mlangoni. Vernon alimwona, akainua simu bila kumkaribisha, akampigia mwenye kituo cha Agincourt. Alizungumza dakika tatu. Aliondoa muhuri wake. Aliwataka waweke ukuta wa mbao mita mbili nje ya uzio na kuhamisha kituo cha basi, kisha watoboe ardhi na kushusha fimbo za shaba mita tisa, chini kabisa ya barafu. Kazi ya siku kumi. Upande wa pili mtu alipiga kelele mpaka nikamsikia. Vernon aliweka simu mbali kidogo na sikio, akangoja, akarudia sentensi ileile.

"Siku kumi," Derek akasema. "Kwa baridi hii."

"Wape majenereta kwa wazee," Vernon akamjibu. "Wewe ni hodari ya kupanga. Panga."

Derek alitoa simu yake, akabaki pale pale mlangoni.

Vernon alivuta kibodi, akaanza barua kwa wenye vituo kumi na kimoja. Anaandika kwa vidole viwili. Mimi nilisimama nyuma yake, nikasoma kila neno lilivyotoka. Kosa la mkaguzi. Mkaguzi hakuzingatia kina cha barafu. Mkaguzi anaomba radhi. Mkaguzi, mkaguzi, hadi mwisho.

"Mimi sipo humu," nikasema.

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Mimi naenda nyumbani mwisho wa mwezi. Hata wakichukua leseni yangu, nitapoteza karatasi ya ukutani. Wewe una miaka ishirini na tisa. Wacha hii iniangukie, mtoto. Ukubali kitu mara moja kutoka kwa mzee bila kelele."

Nilitembea mpaka dirishani, nikarudi. Chumba kile kina hatua nne tu.

"Mzee, soma tena kama wewe ndiye mwenye kituo," nikasema. "Umeambiwa mkaguzi amekosea. Utafanya nini? Utatafuta mkaguzi mwingine. Naye atafungua kikokotoo kilekile, aulizwe swali lilelile, aone Agosti, atie tiki. Barua hii inamtaja mtu na kuficha ugonjwa."

"Nitaandika kikokotoo ina shida."

"Kilitengenezwa na nani? Watauliza. Nani anajua ni wapi kwingine nilipoficha kiangazi? Kuna kurasa tisa mle, na zote nilizifikiri nikiwa chini ya jua la Eldoret. Wewe unaujua ukurasa mmoja."

Aliyejibu ni Derek, na mara hii, sijui kwa nini, alijibu kwa Kiswahili, polepole, kila neno likipimwa. "Jina lako likiingia, kikokotoo hakitakuwa chako tena. Leo hii. Mimi sitaweza kukusaidia."

"Kisiwe changu."

"Umekifanyia kazi miaka sita."

"Ninajua ni miaka mingapi, Derek!"

Nilipaza sauti kuliko nilivyokusudia, na watu wa meza za nje waligeuka. Nilivuta kibodi kutoka mikononi mwa mzee, kwa adabu ndogo kuliko aliyostahili, nikaandika juu ya sentensi yake ya kwanza: Kikokotoo kilichopitisha kituo chenu kilitengenezwa na mimi, Jeptoo, na kina kosa. Nikaweka namba yangu ya simu. Sentensi zake za mkaguzi nikaziacha mbili, maana hizo zilikuwa kweli.

Vernon alisoma. Akabonyeza kitufe cha kutuma.

"Barua itasomwa kesho," nikasema. "Baridi ni ya leo."

Nilirudi mezani kwangu. Folda ya kikokotoo ilikuwa tayari imefungwa, jina langu halifungui tena. Derek hakupoteza muda. Orodha ya vituo nilikuwa nayo kichwani, na namba zao kwenye simu yangu. Sikukaa. Nilipiga namba ya cha kwanza, kilicho kaskazini, karibu na Thornhill. Mwanamume wa zamu alipokea huku akitafuna kitu.

"Wewe ni mhandisi?" akauliza nilipoanza kueleza.

"Hapana. Mimi ndiye niliyepiga hesabu ya uzio wenu, na niliipiga vibaya. Kuna mtu karibu na uzio sasa hivi?"

Alitafuna, akameza. "Kuna jamaa anazoa theluji."

"Ameugusa?"

"Koleo lake ameliegemeza hapo. La chuma."

"Mwondoe. Usiniulize kitu sasa, nenda umwondoe. Mimi niko hapa hapa kwenye simu."

Nilisikia simu ikiwekwa juu ya meza, kiti kikisukumwa, mlango mzito ukifunguka, na upepo ukiingia chumbani kwake. Kisha sauti yake, kwa mbali, ikiita jina la mtu.