Huyu Ndiye Waifu

Ofisini walimwita Kamusi, naye kwa muda mrefu alidhani ni sifa. Kazi yake ilikuwa kuhariri maana za maneno, lakini kinyozi hajinyoi: maneno ya wenzake aliyanyoosha, yake yakamponza.

Siku moja mkewe, ambaye ni mkunga, alimpitia ofisini akitoka zamu, sare bado mwilini. Mkuu wa idara akachungulia mlangoni. Kamusi akasimama, akavuta tumbo ndani, akasema, "Mkuu, huyu ndiye waifu."

Mkunga akatabasamu, akatoa mkono.

Tangu harusi walikuwa wakiishi kwa mama mkwe wa Kamusi, "kwa muda tu." Jioni hiyo, wote watatu wakiwa mezani, mkunga akalipuka. "Hivi mimi sina jina? Sina kazi? 'Huyu ndiye waifu,' kama unaonyesha watu kabati jipya!"

Mtu mwenye akili zake angeomba radhi, kisha akaomba chumvi, yakaisha. Kamusi akaweka kijiko chini na kukohoa kisomi. Hadi leo akikikumbuka kikohozi kile hujicheka mwenyewe.

"Mke wangu, neno lenyewe hulijui. Zamani Waingereza wakisema waifu, walimaanisha mwanamke tu, awe na mume asiwe naye."

"Kwa hiyo ulimwambia mkuu wako, 'Huyu ndiye mwanamke'?"

"Si hivyo..."

"Mwanamke yeyote aliyekuwa karibu?"

Jasho likamtoka. "Hata mwanamke muuza samaki walimwita waifu wa samaki!"

Mama mkwe akaacha kutafuna. "Mwanangu," akamuuliza binti yake, "kumbe umeolewa na samaki?"

"Subirini, na mkunga naye yumo!" Kamusi akang'ang'ana. "Jina la kazi yako kwa Kiingereza, 'midwife', lina waifu ndani yake. Maana yake ni aliye pamoja na mwanamke. Waifu hapo ni yule anayejifungua, si wewe."

Mkunga akalainika kidogo. "Aliye pamoja na mwanamke. Hilo zuri. Hilo ndilo ungemwambia mkuu."

Hapo ndipo pa kunyamaza. Lakini kichwa kilishavimba. "Na neno lao la mume, 'husband', je, mnajua asili yake? Mwenye nyumba!" Akajipiga kifua.

Mama mkwe akageuka taratibu. "Nani mwenye nyumba?"

Kamusi akatazama dari, kuta, hata kiti alichokalia. Vyote vya mama.

"Ni maana ya zamani, mama," akasema kwa sauti ya mpangaji. "Siku hizi imebadilika sana."

Mkunga alicheka hadi akalala juu ya meza. Kamusi naye, aibu ikimwaka masikioni, akainuka kukusanya vyombo bila kutumwa. Mkewe akamfuata jikoni.

"Kesho nakuja tena ofisini. Utanitambulishaje?"

Akamtajia jina lake kamili, la baba yake, na wodi anayofanyia kazi.

"Inatosha. Usiongeze kitu."

"Ila asili ya hilo jina lako..."

"Osha sahani, baba."