Mgeni Kutoka Mbarara

Simu ilitetemeka tena juu ya benchi, na Gad akaigeuza kifudifudi kwa kidole cha glavu. Hakuhitaji kusoma jina. Tangu jana aliyepiga na kutuma ujumbe alikuwa mmoja tu, Semahoro, rafiki yake wa Rubondo. Nje, wake wa wanajeshi walishaanza kupiga vigelegele kando ya uwanja, na wapinzani wa leo hawakuwa watu wa kufanyiwa mzaha.

"Huyo mtu yako nasumbua sana," alisema Sajenti Benon, meneja wa timu ya jeshi, aliyekuwa akigawa maji. "Iko na shida gani?"

"Ni ba Rubondo, Afande. Banataka niende kubachezea kesho, siku ya Mungu."

"Mkataba nasema hapana. Zima simu, ssebo. Leo mimi nataka kichwa yako yote hapa."

Gad akaizima. Tusimhukumu haraka. Tangu ahamie Mbarara, kila mwisho wa juma Semahoro alimpigia na ombi lile lile: kuja utuokoe, Ulrich golini anafungwa mabao hata na upepo. Mwanzoni Gad alipokea na kueleza kwa upole kwamba mkataba unamkataza kuchezea timu nyingine. Semahoro alielewa, alicheka, na juma lililofuata akapiga tena. Kumkatalia mtu unayempenda kunachosha, na mtu akichoka hutafuta njia ya mkato. Njia ya mkato ya Gad ilikuwa kutopokea.

Mechi ilikuwa tamu. Gad alipangua penalti dakika za mwisho, akabebwa juujuu mpaka kwenye bendera ya kona, na watu wasiojua hata anatoka wapi wakaliimba jina lake. Alipotua chini bado anacheka, alimkuta Benon amesimama mbele yake na simu mkononi, si ya Gad bali yake mwenyewe.

"Yule mtu yako sasa napigia mimi. Mimi nauliza ni nini, yeye nakataa kusema. Nasema ni wewe tu."

Gad alipokea akiwa na maneno ya kujitetea tayari mdomoni.

"Gad," sauti ya Semahoro ilikuwa ya chini. "Uko umeikala?"

"Nimesimama. Tumetoka mu mechi sasa hivi."

"Ikala kwanza."

Hapo ndipo Gad alipoelewa, kabla hajaambiwa neno. Kwao habari ya kifo haiandikwi kwenye simu. Mtu huambiwa kwa sauti, akiwa ameketi, na anayemwambia hangoji kuulizwa mara mbili. Ndiyo maana ujumbe wote wa Semahoro ulisema kitu kimoja: shika simu, ndugu yangu. Gad aliketi palepale kwenye nyasi na glavu zake.

"Mama alituacha jana asubui," alisema Semahoro. "Tumemuzika leo. Pasta alisema tukungojee kidogo, tukangoja. Kisha mawingu yakafunga kule upande wa Endiinzi, tukaona kaburi itajaa maji."

Gad alisema pole, na neno lenyewe likamtoka kama la mtu anayempa pole jirani wa mbali.

Mama Eugénie, mama yake Semahoro, hakuwa amemzaa Gad, lakini ni nani mwingine angemwita mama? Gad alifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale akiwa na mjomba wake, na mjomba alipopata ndege ya kwenda Amerika, kijana akabaki peke yake na kipande cha turubai. Mulima, timu ya mpira ya wakimbizi wenzake, ndiyo iliyomfyatulia matofali na kumjengea nyumba pale Rubondo, mlango kwa mlango na kina Semahoro. Kila Jumamosi baada ya mazoezi, timu nzima ilijaa uani kwa Mama Eugénie ikinywa uji wa mtama. Mulima haikuwa na mishahara wala karatasi. Benon alipokuja kumtafuta golikipa aliuliza amefungwa na nani, akaambiwa hajafungwa na yeyote, akafurahi sana kusikia kwamba mchezaji yuko huru.

Lakini Mulima ilikuwa na kazi nyingine mbali na mpira. Mkimbizi huja na jamaa wachache, na wachache hawatoshi kuchimba kaburi kwenye ardhi ile ngumu. Basi mtu akifa Rubondo, timu huchukua majembe. Mabeki huchimba, viungo hutoa udongo, na jeneza likifika, golikipa ndiye anayeshuka shimoni kulipokea. Hakuna aliyepiga kura kuhusu hilo. Gad ana mikono mirefu na kifua kipana, na tangu mara ya kwanza aliposhuka ilionekana kwamba watu hulia kwa utulivu zaidi mpendwa wao akipokewa vizuri. Aliwapokea wazee, akawapokea na watoto wachanga ambao sanduku lao angeweza kulibeba kwa mkono mmoja, na hakuwahi kuliachia hata moja liguse chini kwa kishindo.

Alipokwenda kuaga, wenzake walimtania mwacha asili ni mtumwa, na kocha akajikaza kiume, akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mama Eugénie peke yake ndiye aliyeuliza maswali ya maana.

"Balikupatia kitanda?"

"Balinipatia, mama. Na chumba ya simenti."

"Na ukigonjwa?"

"Kuko hospitali yabo."

"Basi enda, mutoto wangu. Mutu hakatazwe kwenda fasi penye kuko chakula." Kisha akamfungia mahindi ya kuchoma kwenye gazeti, kana kwamba Mbarara hakuna mahindi.

Jumapili Gad aliomba ruhusa. Benon alimpa bila ubishi, akamnunulia na sukari na mchele wa kupeleka, maana hakuwa mtu mbaya. "Lakini kesho asubuhi mazoezi, Gad. Wewe sasa ni mtu ya kazi." Gad akavaa shati lake jeupe na viatu vya ngozi alivyonunua kwa mshahara wa kwanza. Hakuvaa kwa majivuno. Alifikiri hiyo ndiyo heshima.

Pikipiki ilimshusha Rubondo watu wakitoka kanisani. Uani kwa kina Semahoro turubai lilikuwa limetandazwa juu ya miti, na chini yake viti vya plastiki vya kanisa vimepangwa kwa wageni waliotoka kambi ya Oruchinga na zoni nyingine za Nakivale. Upande wa pili, karibu na moto, Mulima yote ilikuwa imekaa juu ya magogo na matofali, nguo zao bado na udongo wa jana. Ulrich alikuwa akikwangua tope kwenye majembe kwa kijiti.

Gad akawaendea moja kwa moja. Walipomwona, wakasimama.

Wote walisimama, mmoja baada ya mwingine, wakafuta mikono kwenye suruali na kumpa mkono. Kwa miaka yote aliyokaa nao hakuna aliyewahi kumsimamia Gad. Wangemrushia kijiti, wangemwambia asogee aache kuziba moto. Sasa mmoja alimpangusia gogo kwa kofia yake, na mwingine akasema hapana, kuna viti.

"Ni mimi niliingia mu kaburi," alisema Ulrich bila kuulizwa. Alikuwa winga hodari, mfupi, na hakuwahi kuomba kukaa golini. "Mikono yangu haikufika muzuri. Sanduku ililala upande wa miguu. Lakini tuliirekebisha, Gad. Usisikie vibaya."

Gad aliona jambo lile zima kana kwamba alikuwepo: sanduku likiinama, watu wakishika pumzi, na mama yule ambaye maisha yake yote hakumwacha mtu aondoke na njaa, akiteleza ndani ya sanduku lake. Na saa ileile yeye alikuwa hewani, akidaka mpira. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Ya Gad hayakungoja uzee. Yalimjia palepale, makali na ya aibu, na alitamani mtu yeyote pale amtukane.

Semahoro alitoka ndani. Amenyolewa, macho yamevimba. Wakakumbatiana, na Gad akamwambia palepale, sikioni, kabla ujasiri haujamwisha.

"Simu niliziona. Zote niliziona. Nilizani ni mambo ya mupira."

"Najua," alisema Semahoro. Akamshika bega kwa muda. "Hata mimi ningezani vile. Umekula?"

"Semahoro, nisikilize."

"Nakusikia, ndugu yangu. Umetoka mbali. Kuja uikale."

Akamwongoza mwenyewe mpaka kwenye kiti cha mbele, jirani na wazee wa Oruchinga. Mchungaji alisimama, akawashukuru wote walioacha shughuli zao, kisha akasema, "Tunasalimia pia mugeni wetu mwenye kutoka Mbarara," na watu wakamgeukia Gad na kuitikia kwa kichwa. Sukari na mchele vilipokelewa, vikatangazwa.

Maji yalipopungua jikoni, Mulima iliinuka kwenda kisimani. Gad naye akainuka, akaokota dumu lililolala karibu na ua. Semahoro alimfikia kabla hajapiga hatua, akalitoa mkononi mwake taratibu.

"Acha. Batoto batachota. Utachafua shati, na uko na safari."

"Nitabakia."

"Na kazi ya kesho?"

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Gad siku ya tatu isingemkuta, maana alfajiri kulikuwa na mazoezi, na wote pale walilijua hilo. Alirudi kitini. Kwa mbali aliwasikia wenzake wakishuka njia ya kisima, mtu akasema kitu, wengine wakacheka kwa sauti ya chini kama wanavyocheka wafiwa waliochoka. Hakusikia ni nini.

Vanessa, mdogo wake Semahoro, ndiye aliyeleta chakula. Huyu alizoea kumwita Gad mvivu na kumfukuza jikoni kwa mwiko. Leo alikuja na beseni na birika, taulo safi begani, kama anavyofanyiwa mtu wa heshima, akapiga goti mbele ya kiti.

"Karibu unawe," alisema, macho chini.

Gad akanyoosha mikono. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, yamepashwa moto kwa ajili ya wageni. Vanessa aliyamimina polepole, nayo yakapita katikati ya vidole vile virefu na kuangukia beseni, mpaka birika likaisha maji, na Gad alikuwa bado hajairudisha mikono yake.