Nafasi Kando ya Datius

Tangu mumewe Datius azikwe, Alistidia hakuweza kutulia mahali pamoja. Mwaka wa tatu sasa. Akiketi kumenya ndizi, kisu kinabaki kwenye ganda na yeye keshatoka nje. Akifika kwenye mibuni, anasahau alichofuata. Mwisho miguu humpeleka kaburini, kati ya migomba. Kando ya msalaba wa mumewe alikuwa amepanda maua kuzunguka kipande kitupu, urefu wa mtu mmoja. Hapo ndipo pake yeye, siku akifa. "Bwana, nichukue nipumzike," ndiyo iliyokuwa sala yake ya kila siku.

Alhamisi moja ya Kwaresima, wanajumuiya waliitwa zahanati ya Ijumbi. Mvuvi mmoja Msukuma, Masalu, aliyevushwa kutoka kisiwani akiwa mahututi, alikuwa amekata roho asubuhi. Mkewe Sabina alikuwa ameketi sakafuni, khanga moja kajifunga, nyingine kamfunika marehemu. Kwao Masalu hakubaki mtu wa kumpokea.

Ijumbi kila ukoo huzika kibanjani mwake, kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba. Basi likazuka swali la pa kumzika, na kila aliyeulizwa akatazama pembeni.

"Ukimzika mgeni kwako, kesho watoto wake watadai kibanja," alisema Rutaihwa, shemeji yake Alistidia na mkubwa wa ukoo. "Azikwe kule rweya."

Sabina hakujua Kihaya, ila aliona jinsi watu walivyoinamisha vichwa. "Rweya ni wapi, mama?" alimwuliza Alistidia.

"Ni huko nje ya vijiji. Kwenye nyasi, wanakochunga ng'ombe."

"Mume wangu si mnyama, mama."

Alistidia akatoka. Akaizunguka zahanati mara moja, akaizunguka tena. Alijua anachotakiwa kusema, na hicho ndicho alichokuwa anakikimbia. "Si hapo, Bwana," alinong'ona. "Omba kingine. Chukua mibuni. Chukua hata nyumba." Alikumbuka Ijumaa iliyotangulia, kwenye Njia ya Msalaba, alivyopiga magoti na kusema anampa Yesu yote. Yote! Maneno mepesi hayo, mtu akiwa kanisani.

Alirudi, akasimama mlangoni, akasema haraka kabla nia haijageuka: "Azikwe kwangu. Kando ya Datius."

"Una wazimu?" Rutaihwa aliruka. "Na wewe tutakuweka wapi?"

"Mimi bado sijafa, shemeji."

Neno hilo lilimshtua yeye mwenyewe kuliko wote.

Kesho yake aling'oa maua kwa mikono yake. Katekista Wilbert aliongoza sala, Rutaihwa hakutokea. Watu walipotawanyika, Alistidia alitazama makaburi mawili yaliyokaribiana na hasira ikampanda, si kwa Sabina, kwa Mungu. Kwa siku mbili hakusali. Alitembea kibanjani huku na huko kama aliyepoteza kitu, na kila alipofika kwa Datius alikuta udongo mbichi wa mtu mwingine.

Siku iliyofuata alisikia panga nyuma ya nyumba. Sabina, ambaye Alistidia alikuwa amempa chumba cha kulala, alikuwa akifyeka migomba kwa bidii ya mtu asiyejua migomba.

"Acha! Acha wewe! Huo una mimba!"

Sabina akaganda, panga juu. "Mgomba?"

"Mgomba, ndiyo! Mkungu uko tumboni, karibu kutoka. Kata majani makavu tu. Lete hapa nikuoneshe."

Walishinda kazini. Wakatoka kwenye migomba wakaingia kwenye mibuni, ambayo tangu Datius afe haikuwahi kupogolewa. Mchana Alistidia alikula sahani nzima ya ndizi na maharage, akaongeza. Hapo ndipo alipotambua kwamba tangu alfajiri hajakwenda kaburini.

Rutaihwa bado hamsalimu. Utulivu nao haukuja. Miguu ya Alistidia ingali haikai. Lakini siku hizi humtoa nje ya kibanja: zahanati, kumpelekea uji mgonjwa asiye na ndugu, au kwa jirani yake Bernadina, aliyevunjika nyonga. Sabina humfuata nyuma akilalamika.

"Mama, pumzika kidogo basi!"

"Nipumzike wapi, mwanangu? Twende, uji unapoa."