Kyubu Iliyoitwa Kache

Chini ya maji, jamaa zangu walikuwa wamelala. Babu Kaingu upande wa ukuta, ami Nyale kando yake, na mwisho kabisa Kache, ambalo ni jina la hawe yangu na ndilo langu pia, kwa kuwa kwetu mjukuu wa kike hurithi jina la nyanya yake. Nikitia mkono tangini, majina yalitikisika kidogo, kisha yakatulia. Mimi ni mtu wa kuota mchana, sikatai. Niliweza kukaa pale hadi maji yakanisahaulisha kwamba nina darasa.

Zilikuwa kyubu, vipande vya zege vya pande sita sawa, za mradi wetu wa mwaka wa mwisho chuoni. Mimi na mwenzangu Ubaid tulikuwa tukitia majivu ya vifuu vya nazi mahali pa sehemu ya saruji, ili tujue zege hilo litahimili uzito gani. Unachanganya, unamimina, unalaza kyubu majini siku ishirini na nane, kisha unazivunja kwa mashine. Safari ya kwanza tuliandika namba kwa kalamu ya wino, na maji yakazifuta zote. Mwezi mzima wa kazi ukaenda na maji. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, basi safari ya pili nilichukua msumari nikachora kwenye zege bichi, tena si namba. Namba huweza kunichanganya, jamaa zangu hawawezi. Lisilo na majivu nikaliita Kaingu, lenye majivu kidogo Nyale, na lenye majivu mengi nikalipa jina la hawe.

Ubaid, kijana wa Mambrui, ana ulimi wa kumtania hata imamu. Kila asubuhi aliinama juu ya tangi akasema, "Shikamoo, mzee Kaingu. Mmelalaje huko?" Nami nilicheka. Babu na ami wamekwisha kufa zamani, na hawe alikuwa Kaloleni akipalilia mihogo yake, mzima kuliko mimi.

Lakini kabla ya siku za kyubu kutimia, hawe alianguka shambani. Akaletwa hospitali hapa Kilifi, na daktari akasema moyo umechoka. Nilikuwa nikitoka wodini naenda moja kwa moja kwenye tangi, namtazama Kache chini ya maji. Nikaanza kuogopa siku ya kulivunja jina lake. Sikumwambia mtu, maana ningemwambia nani, katika jengo lililojaa mizani na rula?

Siku ya kuvunja ilifika. Bwana Mwambire, fundi wa maabara, akawasha mashine. Babu Kaingu akawekwa katikati ya vyuma viwili, vyuma vikakaribiana, mshale ukapanda taratibu, kisha ukasikika mlio mkavu. Ubaid akaandika. Ami Nyale naye akafuata. Fundi akafagia vipande, akanyoosha mkono apewe ya tatu.

"Hii siwezi," nikasema.

"Ina kasoro gani?"

"Haina kasoro. Mwenyewe yuko wodini."

Fundi Mwambire ni mtu wa Rabai, ambako nako majina hurithiwa hivyo. Alielewa, lakini kuelewa hakubadilishi umri wa zege. Akaniambia kwa upole kwamba hesabu ya kesho haitakubalika, na bila hesabu hiyo mradi hautakamilika, wala sote wawili hatutahitimu mwaka huu. Atanisubiri hadi alasiri.

Ubaid akanivuta kando. "Kache dadangu, ule ni mchanga na kokoto. Wallahi hakuna mtu mle ndani."

"Sawa," nikamwambia, na nikampa msumari. "Chora jina la mamako, tuanze na yeye."

Aliushika ule msumari. Mamake anaitwa Hafswa, na ndiye aliyemsomesha kwa kuuza maandazi. Akauweka juu ya meza, na siku ile hakunitania tena.

Nikaenda kukaa kando ya tangi. Joto la adhuhuri lilikuwa zito, mashine ilivuma kwa mbali, na nadhani nilisinzia nimelaza shavu ukingoni. Nikamwona hawe akitembea chini ya maji, miguu mitupu, kanga yake ikipepea polepole. Alikuwa akipapasa kuta za tangi kama mtu atafutaye mlango. Nilimwita, na maji yakaimeza sauti yangu. Nilipozinduka shavu lilikuwa limelowa. Nikaondoka mbio kwenda wodini. Nisingevunja jina la mtu bila kumwuliza mwenyewe.

Nilimkuta ameegemea mto, amekuwa mdogo kitandani. Nikampa shikamoo, nikamweleza yote, msumari, tangi, mashine. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Somo wangu, wa jina langu, nawe una mambo. Umenitia kwenye jiwe ukanilaza majini?"

"Nisamehe, hawe."

"Nenda kavunje. Jina si yai."

Nikarudi. Nilimwambia fundi kitufe nitabonyeza mwenyewe. Vyuma vikaigusa kyubu, mshale ukaanza kupanda. Tulitarajia Kache awe dhaifu kuliko wote kwa yale majivu mengi. Mshale ukapita alipokomea ami Nyale. Ubaid akasogea. Mshale ukaendelea, polepole, na mimi nikawa nasema moyoni, vumilia, kisha nikasema, basi, pumzika, na sikujua lipi nalitaka. Ikapasuka vizuri, kama vitabu vinavyosema, pande nne zikabanduka na kiini kikabaki kimesimama. Upande mmoja ulidondoka mzima, na jina juu yake.

"Tumefaulu," akasema Ubaid, kwa sauti ya chini, kama aliye msibani.

Nilifunga kile kipande kwenye leso nikampelekea hawe. Hakuwahi kuingia shule. Nikamwekea kipande mapajani, nikamshika kidole, nikakipitisha juu ya herufi moja moja.

"Ndizo hizi tu?" akauliza.

"Ndizo hizi."

"Kumbe mimi ni mfupi hivi. Siku zote nilidhani nimeandikwa mrefu."

Akapitisha tena kidole, peke yake sasa, macho ameyafumba. Watu wa kitanda cha pili walikuwa wakinong'ona, feni ikizunguka, na nilitamani alasiri ile isiishe.

"Na lako liko wapi?" akauliza.

"Ni hilo hilo, somo."

Akafikiri. Kisha akakichukua kile kipande, akakitia katika kiganja changu, na kunifunga vidole kimoja kimoja.

"Basi libebe wewe. Mimi nimeshalibeba."

Nikamwambia sitaki, abaki nalo. Alinishika ngumi kwa mikono yake miwili isifunguke, na alikuwa na nguvu.